KUUZA VITU KU INTANETI: NJIA GANI INAKULA FEZA KIDOGO?



Siku hizi kila mutu mwenye telefone anasikia maneno haya: «Fungua duka ku intaneti, utauza mpaka Ulaya.» Wengine wanapita hata ku masoko, wanaomba feza ili wamufungulie mama duka ya namna ile. Na kuna mama anayekubali kukopa, ao kutoa feza aliyoiweka kwa minervali ya mutoto. Njo maana sisi wa seksio ya Biashara tumeona vizuri kueleza jambo hili kwa hesabu, si kwa sifa.

A. GARAMA ZIKO NAMNA MBILI

Wale wanaosoma kompta wanajua. Kuna garama zisizobadirika: unazilipa hata kama haukuuza kitu, sawa vile nyumba ya duka unayolipia kila mwezi. Tena kuna garama zinazofuata mauzo: usipouza, haulipi. Ni kama kumupa mutu vitu vyako auzishe, yeye anakata sehemu yake juu ya kila kitu kilichotoka.

Ku intaneti ni vilevile. Anayeshika neno hili amekwisha kuelewa nusu ya mambo.

B. MUFANO WETU

Tuseme mama mmoja anashona mifuko ya kikwembe. Anauza mufuko mumoja dola 10. Kitambaa, uzi na vifungo vinakula dola 6. Inabaki dola 4. Kama anauza mifuko 10 kwa mwezi, inabaki dola 40. Sasa tuangalie kila njia itamukata ngapi.

C. NJIA INE

1. Telefone peke yake. WhatsApp ilitoa programu ya wafanya biashara katika mwaka 2018, na katika 2019 ikaongeza katalogi, ni kusema pahali pa kupanga picha na bei. Kuitumia hailipwi. Ukurasa wa Facebook vilevile haulipwi, isipokuwa ukitaka kulipia matangazo. Lakini «bure» haiko bure kabisa. Kuna mega za kila siku. Kuna motari wa kupeleka mufuko: mununuzi kwetu anataka kuona kitu mbele ya kulipa, na akikataa, motari analipwa tu. Tena akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kutoa ile feza ku kabine kunakatwa. Tuseme kwa mifuko 10: mega dola 5, motari wa bure mara mbili dola 2, kabine dola 3. Jumla dola 10.

2. Soko ya Etsy. Ni soko ya Marekani iliyoanza mwaka 2005, kwa vitu vya kazi ya mikono. Kuweka kitu kimoja ni dola 0,20 kwa miezi 4. Kikiuzwa, wanakata 6,5 kwa mia. Kwa muuzaji wa Marekani kuna tena 3 kwa mia na dola 0,25 kwa kupokea malipo. Juu ya mufuko wa dola 10 ni 0,20 + 0,65 + 0,55, ni kusema dola 1,40. Mifuko 10 ni dola 14.

3. Soko ya Amazon. Hapa kuna milango miwili. Muuzaji mudogo analipa dola 0,99 kwa kila kitu kilichouzwa. Muuzaji mukubwa analipa dola 39,99 kila mwezi, auze asiuze. Wote wawili wanakatwa tena sehemu ya bei: kwa vitu vingi ni 15 kwa mia. Mama yetu akipita mulango mudogo, mufuko mumoja unakatwa dola 2,49, na mifuko 10 dola 24,90. Fanyeni hesabu: mulango mukubwa unaanza kuwa na faida tangu kitu cha 41 kwa mwezi.

4. Duka ya mwenyewe. Kampuni ya Shopify ya Canada inakukodisha duka iliyo tayari. Ile ya kawaida, bei ya Marekani ni dola 39 kwa mwezi kama unalipa mwezi kwa mwezi. Tena 2,9 kwa mia na dola 0,30 juu ya kila malipo: kwa mufuko wetu ni dola 0,59. Mifuko 10 inakula 39 + 5,90, ni dola 44,90. Kuna tena programu WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011. Yenyewe ni ya bure, lakini unalipa pahali pa kuiweka, na jina la duka kila mwaka (majina yanayoishia na .cd ni ya inchi yetu), na mara nyingi mutu wa kuitengeneza ikiharibika.

D. TULINGANISHE

Mama akiuza mifuko 10 kwa mwezi, juu ya zile dola 40:
– telefone: inabaki dola 30
– Etsy: inabaki dola 26
– Amazon, mulango mudogo: inabaki dola 15,10
– duka ya mwenyewe: hasara dola 4,90

Muone vizuri ile mustari wa mwisho. Mama ameshona mwezi muzima, ameuza mifuko yote, na bado anadaiwa!

Lakini akiuza mifuko 100, inayoacha dola 400, mambo yanageuka. Etsy inakata 140, inabaki 260. Amazon kwa mulango mukubwa inakata 189,99, inabaki 210,01. Duka ya mwenyewe inakata 98 tu, inabaki 302. Tangu mufuko wa 49 kwa mwezi, duka ya mwenyewe inashinda Etsy.

Basi hakuna njia moja iliyo nzuri kwa wote. Garama ya kila mwezi inaua muuzaji mudogo. Garama ya kwa mia inachosha muuzaji mukubwa.

E. VITU VISIVYOANDIKWA KU BEI

Kwanza, inchi. Mbele ya kutoa hata feza moja, uangalie kama kampuni inapokea wauzaji wa Congo, na feza yako itakufikia kwa njia gani. Mengi ya masoko haya yanataka karte ao konti ya banki.

Pili, safari ya mufuko. Kutuma mufuko mumoja Ulaya kwa ndege kunaweza kupita bei ya mufuko wenyewe. Hesabu zetu za juu hazina garama hii.

Tatu, mwenye soko anaweza kupandisha bei nawe uko ndani. Etsy ilitoka ku 5 mpaka 6,5 kwa mia katika mwezi wa 4 mwaka 2022. Wauzaji wengi wakafunga maduka yao kwa siku kadhaa ili kukataa. Shopify ilipandisha ile duka ya kawaida toka dola 29 mpaka 39 katika 2023.

Ine, na hii ni yetu wanafunzi: saa. Ku telefone, kila munuaji anauliza bei, rangi, «punguza kidogo». Tuseme nusu saa kwa kila mumoja. Wanunuzi 100 ni saa 50 kwa mwezi. Nani anajibu? Mara nyingi ni mutoto anayejua kuandika, usiku, pahali pa kurudilia masomo. Saa hizi hakuna anayeziandika ndani ya kaye ya hesabu, lakini zinalipwa siku ya egzamen.

F. SHAURI LETU

Mwenye kuanza, aanze na telefone na watu wa muji wake. Aandike kila siku mega, motari na kabine ndani ya kaye. Apange saa moja ya kujibu watu, kisha azime. Akipita mifuko 50 kwa miezi mitatu ine mufululizo, hapo aanze kufikiri duka ya mwenyewe. Na mutu akikuomba feza ya kukufungulia duka, umuulize maneno matatu: Nitalipa ngapi kila mwezi hata nisipouza? Utakata ngapi juu ya kila kitu? Nikitaka kuacha, duka na jina vinabaki vya nani? Asipojibu kwa namba, shika feza yako.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alifundisha habari ya mutu anayekaa kwanza na kuhesabu garama mbele ya kujenga munara. Hesabu haikosanishe imani. Inalinda minervali.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, seksio ya Biashara