Masharti ya shahada yasiwe siri ya afisi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, swali linalotawala nyumbani, sokoni na hata kwenye matatu huwa ni moja tu: je, mtoto amepata alama za kuingia chuo kikuu? Gredi ya C+ imekuwa kama mto. Aliyeuvuka hupongezwa, aliyeachwa ng'ambo hupewa pole. Kisha huja hesabu za makundi ya masomo, na shirika la KUCCPS, lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua mahali pa bodi ya zamani ya JAB, huwagawia watahiniwa nafasi zao. Yote hayo ni masharti ya kuingia. Nimefundisha katika shule za upili kwa miaka mingi, na sikumbuki mzazi wala mwanafunzi aliyenijia kuuliza masharti ya kutoka.

Lakini hayo ya kutoka ndiyo yanayoamua iwapo miaka minne ya karo, mikopo na makesha itazaa cheti au itazaa majuto. Aghalabu kijana hufika chuoni akidhani kwamba shahada ni suala la kukaa darasani mpaka miaka itimie, kama alivyofanya katika shule ya upili. Hajui kwamba amefunga mkataba, na kwamba mkataba huo una vifungu ambavyo hakuna aliyemsomea.

Hebu tutazame vifungu hivyo. Shahada ya kwanza ya sanaa au ya sayansi katika vyuo vyetu ni mkusanyo wa kozi, ambazo wanafunzi huziita yuniti. Ziko zinazomlazimu kila mwanafunzi wa chuo, awe wa fizikia au wa historia: stadi za mawasiliano ndiyo maarufu zaidi, na vyuo vingi vimeongeza somo kuhusu ukimwi na jingine la falsafa au maendeleo. Ziko za somo kuu, ambazo ndizo uti wa mgongo. Ziko pia za hiari, ingawa hiari yenyewe hupungua kila mhadhiri mmoja anapostaafu bila ya mwingine kuajiriwa. Kozi nyingine hazichukuliwi mpaka nyingine zipitwe kwanza, na hapa wanasayansi ndio huumia zaidi. Anayeanguka hisabati ya mwaka wa kwanza hugundua kwamba milango mitatu au minne ya mwaka wa pili imefungwa kwa kufuli hilo moja. Mwenzake wa sanaa anaweza kuanguka kozi moja ya historia na bado akaendelea na nyingine huku akingoja mtihani wa marudio.

Kuna mahudhurio. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe amehudhuria angalau theluthi mbili ya mihadhara ndipo aruhusiwe kufanya mtihani, na viko vinavyotaka zaidi ya hapo. Kuna alama. Utaratibu uliozoeleka katika vyuo vyetu vya umma ni kwamba majaribio ya katikati ya muhula huchukua asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 70, na alama ya kupita ni 40. Kwa upande wa sayansi maabara huongeza mzigo wake. Wastani wa 70 na zaidi humpa mtu daraja ya kwanza, 60 hadi 69 daraja ya pili ya juu, 50 hadi 59 daraja ya pili ya chini, na chini ya hapo hupewa kupita tu. Mwishowe kuna mradi wa utafiti au tasnifu fupi, na katika kozi kadhaa kuna mafunzo ya nyanjani ambayo bila ya ripoti yake hakuna shahada.

Hakuna jambo la ajabu katika orodha hiyo. La ajabu ni jinsi inavyomfikia mhusika. Humfikia vipande vipande, kwa uvumi wa bwenini, kwa tangazo lililobandikwa ubaoni na kung'olewa na upepo, na mara nyingi humfikia ikiwa imechelewa.

Kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne alikwenda chuo kikuu ambacho sitakitaja. Alisoma vyema, akalipa karo yake yote, na mwaka wa nne ulipokwisha mamaye akaanza kupanga safari ya mahafali pamoja na majirani. Orodha ilipotoka, jina lake halikuwamo. Alipouliza aliambiwa kwamba hana alama katika kozi moja ya mwaka wa kwanza, mojawapo ya zile za lazima kwa wote, ambazo hufundishwa katika ukumbi wa mamia ya watu. Mtihani aliufanya. Mhadhiri aliyeufundisha alikuwa wa kibarua na alikwisha kuhamia kwingine. Idara ilimwelekeza kitivoni, kitivo kikamrudisha idarani, na kwa karibu mwaka mzima kijana alikuwa akipanda basi la usiku kwenda kuulizia karatasi yake. Hatimaye ilionekana ndani ya katoni katika chumba cha idara nyingine. Alama ilikuwa 58. Kazi aliyokuwa ameahidiwa kwa sharti la kuleta cheti ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Walimu wenzangu watanishuhudia kwamba kisa hiki si cha peke yake. Alama zinazopotea zimekuwa msamiati wa kawaida wa vyuo vyetu, na wanafunzi wamezoea kulitaja jambo hilo kama watu wanavyotaja mvua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na alama ni mali. Linalonikera hasa ni jinsi mzigo wa ushahidi unavyotwikwa mtu asiye na ushahidi wowote. Mwanafunzi hupeana kitabu chake cha majibu, hutia sahihi katika orodha inayobaki na msimamizi, kisha huondoka mikono mitupu. Muuza nyanya wa Kongowea hupewa stakabadhi ya ushuru wake wa siku. Aliyefanya mtihani wa saa mbili wa shahada hapewi hata kijikaratasi.

Nasikia jibu la wahadhiri, nami sitalipuuza. Mtu mmoja anayesahihisha vitabu mia sita kwa muhula, tena huenda hajalipwa malipo ya muhula uliopita, si mashine. Aidha wako wanafunzi wasiosajili kozi zao kwa wakati, wanaokwepa majaribio ya katikati ya muhula na baadaye kudai kwamba alama zimepotea. Hao wapo, na ni hodari wa kulia. Lakini stakabadhi ninayoitetea ingewafichua hao hao kwanza.

Alama ya mwanafunzi husafiri safari ndefu kabla ya kuwa shahada. Hutoka kwa mhadhiri ikaenda kwa baraza la watahini la idara, ikapitiwa na mtahini wa nje, ikaenda kitivoni, na mwisho ikafika kwa seneti, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha. Safari hiyo ina maana nzuri, kwani humlinda mwanafunzi dhidi ya chuki ya mtu mmoja na kuilinda shahada dhidi ya upendeleo wake. Lakini katika kituo hata kimoja hapana anayelazimika kumwambia mwenye alama kwamba imekwama. Angeambiwa mwaka wa kwanza, siku ile ile, lingekuwa jambo la juma moja.

Wako wanaoamini kwamba masharti ya shahada ni kama amri zilizoshuka mlimani. Historia haiwaungi mkono. Tangu mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walikuwa wakifanyia shahada za Chuo Kikuu cha London, na Nairobi ikafuata nyayo hizo mwaka 1961 chuo cha Royal College kilipopandishwa hadhi. Yaani sharti la kufuzu mtoto wa Kakamega au wa Kitui liliidhinishwa ng'ambo ya bahari. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, na kilipovunjwa mwaka 1970, Nairobi, Dar es Salaam na Makerere zikawa kila kimoja na shahada zake. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Tukiuvua waraka huo sifa zake zote, ulikuwa ni mjadala kuhusu masharti ya shahada ya sanaa: msomi wa Kiafrika ni lazima awe amesoma nini kabla hajaitwa msomi? Mjadala ule ulizaa Idara ya Fasihi.

Mabadiliko makubwa ya pili yalikuja kwa njia ya hesabu. Chini ya mfumo wa zamani, mtoto alisoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu ya chuo kikuu. Jumla ni miaka 16. Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ilipozaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita viliondolewa na shahada ikaongezwa mwaka mmoja. Minane, minne na minne: jumla ni 16 vile vile. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walipoingia chuoni mwaka 1990, mwaka ule wa ziada ulikuwa na kazi maalumu ya kufidia yale ambayo watangulizi wao walikuwa wameyapata katika kidato cha sita. Sehemu ya zile kozi za lazima tunazozilalamikia ilipata nafasi yake humo.

Sasa tazama mfumo mpya wa 2-6-3-3-3. Ukiacha miaka miwili ya chekechea, tuna sita ya msingi, mitatu ya shule ya upili ya chini, mitatu ya upili ya juu na mitatu ya chuo kikuu. Jumla ni 15. Mwaka mmoja umetoweka, na sijaona umma ukielezwa kwa lugha nyepesi ulikokwenda. Watetezi wa mfumo huu watasema kwamba mwanafunzi wa upili ya juu huteua mkondo wake mapema, ama wa sayansi na teknolojia, ama wa sayansi za jamii, ama wa sanaa na michezo, akabobea katika masomo matatu ya kuchagua kama walivyofanya wale wa kidato cha sita. Hoja hiyo ina uzito, mradi shule iwe na walimu na maabara za kumbobeza. Penye maabara isiyo na maji, mwaka uliopunguzwa utadaiwa chuoni, na chuo nacho hakitakuwa na mwaka wa kuulipia.

Uingereza hutoa shahada yake kwa miaka mitatu na haijadharauliwa, ila mwanafunzi wake huingia akiwa na miaka miwili ya kubobea kama ile tuliyoiacha sisi. Scotland, iliyo ndani ya ufalme huo huo, hudai miaka minne kwa shahada ya heshima. Marekani nayo hudai minne, kwa kawaida mikopo ya masomo 120, na sehemu kubwa ya miaka miwili ya kwanza hutumiwa kumpa mwanasayansi fasihi kidogo na mwanafasihi sayansi kidogo. Kila mmoja amechagua mahali pa kuuweka mwaka wake. Sisi tutauweka wapi? Je, kozi za lazima zitafutwa? Mradi wa utafiti utabaki? Ama kozi za miaka minne zitasindikwa katika mitatu kama abiria wa matatu ya jioni?

Maswali haya yanamhusu mwalimu wa upili leo hii. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya waliingia gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Masomo matatu wanayochagua sasa ndiyo yatakayowafungulia au kuwafungia kozi wakati huo. Nimeona tayari jinsi uteuzi mbaya unavyomgharimu mtu baadaye. Wako mahafali wa shahada ya sanaa ambao, baada ya kuzunguka bila kazi, waliamua kuwa walimu, wakaja kugundua kwamba tume ya TSC humtaka mwalimu wa upili awe na masomo mawili ya kufundisha, tena awe ameyafaulu kwa C+ katika kidato cha nne. Mtu ana shahada ya heshima mkononi, lakini ina somo moja tu linalofundishika. Mwenzake aliyesomea shahada ya elimu alijua sharti hilo tangu siku ya kwanza kwa sababu limeandikwa katika muundo wenyewe wa kozi yake.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, seneti za vyuo vyetu zina kazi tatu, na hakuna inayohitaji mfadhili. Ya kwanza ni kumpa kila anayejiunga kijitabu chenye masharti yote ya shahada yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili hata mzazi aliyeuza ng'ombe ayasome. Ya pili ni stakabadhi ya mtihani, na tarehe ya mwisho ya kutangaza alama ya kila kozi. Tarehe hiyo ikipita bila alama, ni idara itakayojieleza badala ya mwanafunzi. Ya tatu ndiyo ya haraka zaidi. Masharti ya shahada ya miaka mitatu, ya sanaa na ya sayansi, yachapishwe na kutumwa katika kila shule ya upili ya juu, pamoja na masomo ambayo kila kozi itayadai. Sisi walimu tunaulizwa kila siku na watoto wa gredi ya 10 wachague nini, na tunajibu kwa kukisia.