Chumvi ya jikoni na akili ya mtoto

INGIA duka lolote mjini Thika, mitaani Ruiru au kule Gatuanyaga, mashariki mwa Thika, uitishe chumvi. Mwenye duka hatakuuliza unataka ya aina gani. Atanyoosha mkono kwenye rafu, akupe pakiti, nawe utalipa na kwenda zako. Ni wachache mno miongoni mwetu wanaowahi kuigeuza pakiti hiyo na kusoma yaliyoandikwa upande wa nyuma.

Ukiisoma utaona maneno machache kwamba chumvi hiyo imetiwa ayodini. Jirani zetu wa Tanzania huita kitu hicho madini joto. Ni maneno madogo, lakini uzito wake ni mkubwa, hasa kwa mama mja mzito na kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Karibu na Gatuanyaga kuna mahali panapoitwa Munyu. Wajuzi wa Kiswahili watakuambia kwamba munyu ni jina la kale la chumvi, na hata jamii kadhaa za bara, Wakikuyu na Waluhya wakiwemo, wanalitumia neno hilo. Babu zetu walipata munyu wao kwa kuchoma majani na kuchuja majivu, au kwa kuchota magadi. Chakula kilikolea vizuri, lakini ayodini haikuwemo ya kutosha.

Shingo iliyovimba

Ayodini huhitajiwa na tezi iliyo mbele ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa mwili na ubongo. Ayodini ikipungua, tezi hujitahidi kukamata kila chembe inayopita katika damu, nayo hupanuka kwa sababu ya kazi hiyo. Hapo ndipo mtu hupata rovu, yaani uvimbe wa shingo, ambao wengi humu nchini huuita goita.

Zamani mwenye rovu aliweza kudhaniwa amerogwa, au ameumia kwa kubeba mizigo mizito. Ukweli ni kwamba chanzo kilikuwa udongo. Katika nyanda za juu mvua ya miaka na mikaka imeisomba ayodini kutoka ardhini. Mahindi, viazi na mboga zinazomea hapo hukosa kitu hicho, na anayezila naye hukikosa. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1970 kuhusu Afrika Mashariki ilionyesha kwamba katika baadhi ya sehemu za nyanda za juu za Kenya zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu.

Hata hivyo, rovu ni dalili inayoonekana tu. Madhara makubwa zaidi hayaonekani.

Miezi mitatu ya kwanza

Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto hana homoni zake mwenyewe za tezi hiyo. Anategemea zile za mama yake. Iwapo mama hana ayodini ya kutosha, ubongo wa mtoto hukosa kitu muhimu wakati ule ule unapojengwa. Upungufu ukiwa mkali, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa akiwa kiziwi, mdumavu wa mwili na mwenye akili pungufu maisha yake yote.

Upungufu usipokuwa mkali sana, mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Atacheza na wenzake, ataenda shule, lakini masomo yatamlemea. Mwalimu atasema ni mvivu na mzazi atamchapa. Uchunguzi wa tafiti nyingi za dunia umeonyesha kwamba watoto wa sehemu zenye upungufu mkali huwa nyuma kwa takriban alama 12 au 13 za kipimo cha akili wanapolinganishwa na wenzao wenye ayodini ya kutosha.

Msomaji atambue jambo hili: akina mama wengi huenda kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu wa mimba. Wakati huo sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika ndani ya tumbo. Ndiyo maana kinga hii haiwezi kungoja kliniki. Lazima iwe tayari jikoni, ndani ya mkebe wa chumvi, hata kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Wasichana wa Akron

Tumejuaje haya yote? Mwaka 1917 daktari Mmarekani David Marine na mwenzake walianza jaribio katika shule za mji wa Akron, jimbo la Ohio. Wasichana waliokubali walipewa dawa ya ayodini mara mbili kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,190 walioitumia, watano tu ndio waliovimba tezi. Kati ya 2,305 ambao hawakuitumia, 495 walivimba. Mwaka 1922 sehemu za Uswisi zilianza kutia ayodini katika chumvi, na mwaka 1924 jimbo la Michigan huko Marekani likafuata.

Kwa nini chumvi, na si sukari au unga? Kwa sababu tajiri na maskini wote huila, huila kila siku, na hakuna anayeweza kula nyingi kwa mara moja. Aidha, gharama ya kuitia ayodini ni ndogo mno.

Watafiti wamefanya kazi kubwa karibu na kwetu pia. Katika kisiwa cha Idjwi kilichomo Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanasayansi wa miaka ya 1960 walishangaa kuona watu wa upande mmoja wakiwa na marovu mengi kuliko wa upande mwingine, ingawa wote walipata ayodini kidogo kwa kiasi kile kile. Baadaye waligundua kwamba muhogo ulichangia. Muhogo usioandaliwa vyema huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kupokea ayodini.

Na wakazi wa pwani je? Wengi hudhani anayeishi kando ya bahari hawezi kukosa ayodini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Zanzibar uliivunja dhana hiyo. Kisiwani Unguja karibu familia mbili katika kila tatu zilikuwa na chumvi yenye ayodini, lakini Pemba ilikuwa karibu familia moja tu katika kila mia. Takriban thuluthi moja ya watoto wa shule waliopimwa Pemba walikuwa na rovu. Bahari iliwazunguka pande zote, lakini chumvi iliyoanikwa juani hubaki na ayodini hafifu mno isipoongezwa.

Sheria ya Kenya

Sehemu kubwa ya chumvi tunayokula Thika na Ruiru husafiri kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi. Kenya iliifanya kuwa lazima chumvi ya kula itiwe ayodini mwaka 1978, chini ya sheria inayosimamia vyakula na dawa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1994 bado ulikuta rovu kwa watu 16 katika kila mia. Kufikia uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 na 2009, zaidi ya familia tisa katika kila kumi zilikuwa na chumvi yenye ayodini. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingeyatamani.

Hata hivyo, utafiti haukukoma hapo. Wakati mmoja sheria yetu ilitaka takriban miligramu 100 za ayodini katika kila kilo ya chumvi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliozipima nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, walionya kwamba ayodini ikizidi pia huleta madhara. Watu waliozoea upungufu kwa miaka mingi, hasa wazee, tezi zao zinaweza kufanya kazi kupita kiasi, moyo ukaenda mbio na mwili ukakonda. Baadaye kipimo cha Kenya kilipunguzwa hadi kati ya miligramu 30 na 50 kwa kilo.

Hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi anaweza kuifanya. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, na mama mja mzito 250. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo ina mikrogramu 30 katika kila gramu. Zidisha kwa 5, utapata 150 kamili. Ayodini yote ambayo mtu anahitaji kwa miaka 70 haijazi kijiko kimoja cha chai.

Kwa hivyo, mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi asikaidi daktari kwa kisingizio cha ayodini. Apunguze, ila hiyo kidogo anayokula iwe yenye ayodini. Maziwa, mayai na samaki wa baharini humwongezea.

Jikoni mwako

Ayodini hupotea polepole kwa unyevu, joto na jua. Mama aliyenunua chumvi nzuri anaweza kuipoteza nguvu bila kujua. Fanya hivi:

Nunua chumvi iliyofungwa vizuri, iliyoandikwa kwamba ina ayodini na yenye alama ya shirika la viwango. Usipikie chumvi ya mifugo, hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Ihifadhi katika mkebe mkavu wenye kifuniko, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Usiingize kijiko chenye maji.

Usiioshe chumvi. Na ukipika githeri inayochemka kwa saa nyingi, tia chumvi mwishoni.

Ukiona uvimbe shingoni, nenda hospitali upimwe. Si kila uvimbe huletwa na ukosefu wa ayodini, na usijitibu kwa kula chumvi nyingi.

Walimu wa sayansi nao wanaweza kusaidia. Kila mwanafunzi anajua kwamba tone la ayodini likiangukia kiazi, kiazi hugeuka rangi ya buluu iliyokoza. Maafisa wa afya huwa na vichupa vidogo vya maji yenye wanga, vinavyotumia ujuzi huo huo kwa kuugeuza. Tone likidondoshwa juu ya chumvi yenye ayodini, chumvi hubadilika kuwa ya buluu au zambarau. Isiyo na ayodini hubaki nyeupe. Shule ikimwalika afisa wa afya, na kila mtoto akaja na chumvi kidogo kutoka kwao, kijiji kizima kitajijua kwa asubuhi moja.

Ushindi dhidi ya rovu si kama ndui, ambayo ilifukuzwa ulimwenguni ikaisha. Udongo wetu haujabadilika. Chumvi ikiacha kutiwa ayodini leo, au tukianza kununua ya magendo kwa kuwa ni rahisi, marovu yatarudi, na kabla hayajarudi shingoni yatakuwa yamekwisha kuwadhuru watoto vichwani. Mara nyingine ukitumwa dukani, igeuze pakiti na usome.