Je, Wajua? Chupa Iliyofika Ujiji kwa Miguu

Je, wajua kwamba mwaka 1871 chupa ya shampeni ilifika Ujiji kwa miguu? Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Ujiji Novemba kwa hesabu yake mwenyewe, na ndani ya mizigo ya wapagazi mlikuwa na chupa moja ya Sillery, kijiji cha mizabibu katika jimbo la Champagne, Ufaransa. Alimwekea David Livingstone, mtu ambaye hakuwa na hakika kama yu hai. Walipokwisha kukaa na kula chakula walicholetewa na wenyeji, akamwagiza Selim, kijana mkalimani wake kutoka Jerusalem, alete ile chupa na vikombe vya fedha. Wakatakiana afya, wakanywa.

Watoto wa shule hukaririshwa salamu aliyoitoa Stanley siku ile. Mimi huiwaza chupa. Karibu miezi minane kichwani na begani mwa wapagazi, kwenye matope ya Makata wakati wa masika, kwenye jua la Ugogo, kisha mzunguko mrefu wa kusini kwa sababu vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia iliyozoeleka. Shampeni ndani ya chupa husukuma kwa nguvu ya takriban mara 6 ya hewa tunayovuta, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Joto likizidi, kizibo hutoka chenyewe au kioo hupasuka. Kila aliyeutua mzigo ule taratibu jioni alikuwa mtunza mvinyo, nami nawahesabu wapagazi wale miongoni mwa watunza mvinyo wa kwanza wa mkoa huu wa Kigoma.

Je, wajua majina yenyewe yametoka wapi? Mvinyo ni neno la Wareno, vinho. Divai ni la Wafaransa, du vin. Zabibu tumelipata kwa Waarabu.

Je, wajua kwamba pombe ya mchikichi haiwekeki? Utomvu ukishagemwa, hamira huanza kazi saa ileile. Asubuhi ni mtamu kama maji ya muwa, jioni umepata ukali wake, kesho yake unaelekea kuwa siki. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Congo, wanauita malafu, na huko nako hauna subira. Pwani hii ya ziwa imezoea kukihesabu kinywaji kwa saa. Chupa ya zabibu huhesabiwa kwa miaka, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tukidhani kila chupa yenye kizibo huzidi kuwa nzuri kadiri inavyokaa.

Sivyo. Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani imekusudiwa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miaka michache tangu utiwe chupani. Unaofaa kuwekwa ni ule wenye vitu vya kuulinda: uchachu, ukakasi, sukari nyingi, au kileo kilichoongezwa. Ukakasi tunaujua sote. Ukitafuna ndizi mbichi ufizi ukakauka, ndio huo, na katika mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Miaka huulainisha. Mvinyo mwepesi usio na ukakasi wala uchachu hauna cha kulainishwa, kwa hiyo ukikaa huchakaa tu.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kununua chupa nzuri ya mvinyo mwekundu, nikaisimamisha juu ya kabati la nguo, chini ya mabati yasiyo na dari, nikisubiri siku njema. Ilikaa misimu miwili ya kiangazi. Siku ilipofika, kizibo kilikuwa kimechomoza kidogo juu ya mdomo wa chupa, na shingoni palikuwa na mchirizi unaonata uliokwisha kukusanya vumbi. Nilipomimina, rangi haikuwa tena ya damu ya mzee bali ya chai ya rangi iliyopoa. Harufu ilikuwa ya zabibu kavu zilizopikwa, na nyuma yake siki. Wageni walikunywa soda. Mvinyo ule ulipikwa na chumba changu, taratibu, mchana baada ya mchana.

Je, wajua nyuzi zinazotakiwa? Watunzaji wa Ulaya hulenga takriban nyuzi 13 za Selsiasi, mwaka mzima, bila kupanda na kushuka. Kigoma mwezi Septemba mchana hufika nyuzi 30, na chini ya bati ni zaidi. Kanuni ya maabara ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mabadiliko ndani ya kimiminika huenda mbio karibu mara mbili au zaidi. Mwaka mmoja juu ya kabati langu ulikuwa miaka mingi ya pango la Champagne, tena miaka mibaya.

Basi tuzamishe chupa ziwani? Nimeulizwa hili mara nyingi, na jibu lake linanifurahisha kila ninapolitoa. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, kama mita 1,470, na mtu angetegemea baridi kali huko chini. Baikal ya Siberia, inayolizidi kina, chini kabisa ina nyuzi 3 hadi 4. La kwetu lina takriban 23 hata kwenye vilindi. Maji hayo hayabadiliki, yana giza totoro, na kwenye vilindi hayana oksijeni kabisa, mambo matatu ambayo mtunza mvinyo huyaota. Limekosa moja tu, ubaridi.

Bahari ya Baltiki inao. Mwaka 2010 wapiga mbizi karibu na visiwa vya Åland, Ufini, walikuta kwenye meli iliyozama shampeni ya chupa 168, baadhi zikiwa za Veuve Clicquot, zilizokaa kwenye maji ya nyuzi chache tu kwa takriban miaka 170. Nyingine zilikuwa bado zinanyweka. Moja iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa euro 30,000. Wataalamu walipoupima mvinyo ule walikuta sukari ya gramu karibu 150 kwa lita, yaani ulikuwa mtamu kupita soda za kawaida dukani leo. Sukari ile nayo ililinda.

Je, wajua kwamba mafuta huweza kufanya kazi ya kizibo? Huko Speyer, Ujerumani, jumba la makumbusho lina chupa ya kioo ya Warumi, ya karne ya 4, na ndani yake bado mna kimiminika. Ilifukuliwa kaburini mwaka 1867. Waliomzika mwenye chupa walimimina mafuta mazito ya zeituni juu ya mvinyo, yakaelea, yakazuia hewa, kisha wakaziba kwa nta. Wenye mawese tunaielewa hekima hiyo bila kufundishwa.

Na grisi je? Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, wakiwa wamekwisha kupaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma na zabibu adui yao mmoja, hewa.

Je, wajua kuna mvinyo unaopenda joto? Huu ndio ambao ningependa kila mkazi wa Kigoma anayetaka kuweka chupa aufahamu. Kisiwa cha Madeira, mali ya Ureno katika Atlantiki, kilikuwa kituo cha meli zilizoelekea nchi za joto. Mapipa yaliyovuka tropiki matumboni mwa meli yaligundulika kuwa bora kuliko yaliyobaki nyumbani, na baadaye watengenezaji wakaanza kuupasha mvinyo moto makusudi, kwa njia moja hadi nyuzi 45 na zaidi kwa miezi mitatu au zaidi. Tena huongezewa spiriti. Kitu kilichokwisha kuchomwa hivyo hakitishwi na Septemba yetu. Hata ukiisha kufunguliwa hudumu miezi, wakati mvinyo wa kawaida huharibika ndani ya siku chache. Ndugu yake, mvinyo wa Porto, nao huongezewa spiriti na huvumilia kuliko mvinyo mwepesi, ijapokuwa haupendi joto kama wa Madeira.

Mapadri waliligundua tatizo hili la joto mapema. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji Januari 1879, na bila divai hakuna Misa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Tembo la mchikichi halifai hata likiwa safi vipi. Mwishoni mwa karne ya 19 Roma iliruhusu divai ya Misa iongezewe kiasi kidogo cha spiriti iliyotokana na zabibu, ili isigeuke.

Na iliyogeuka? Majirani zangu wengi wa Ujiji hawaonji kileo, na jambo hili ni lao pia: katika fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mvinyo uliogeuka siki wenyewe, bila kutiwa kitu, huwa tohara na halali. Siki ni kitoweo kilichosifiwa.

Je, wajua kwamba reli yetu inapita katikati ya mizabibu? Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Zabibu za Dodoma zilisambaa katika karne ya 20 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, misheni ya Bihawana ikiwa moja ya chemchemi zake, na leo kituo cha utafiti cha Makutupora kimeupa jina mzabibu mwekundu unaolimwa sana huko. Kuna Chenin Blanc kwa mweupe, na Hombolo wapo waliopanda mbegu za kaskazini mwa Italia. Nchi ile haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima huuamsha kwa kupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban Machi na Agosti hadi Septemba. Kwa hiyo mvinyo wa Dodoma hauna haja ya kusubiri bahari wala bandari. Ununue uliotoka karibuni, unywe mapema. Ule mtamu mwekundu, kama Dompo, huvumilia zaidi baada ya kufunguliwa.

Chupa ikishuka kwenye treni baada ya kilomita karibu 800 za kutikiswa, ipumzishe wiki mbili kabla ya kuifungua.

Dukani, tazama kabla ya kutoa pesa. Iliyopangwa dirishani kwenye jua iache hata ikipunguzwa bei, maana mwanga nao huharibu, hasa kwenye kioo cheupe. Omba ya boksi la nyuma. Mvinyo uwe umefika shingoni, kizibo kiwe sawa na mdomo, pasiwe na mnato. Kizibo cha gome la mti kinataka chupa ilazwe ili kisikauke na kuingiza hewa. Cha kuzungusha hakijali, na kwa mji wetu mimi nakipendelea. Tena kinakuepusha na ile harufu ya boksi lililolowa mvua, ugonjwa unaotokana na gome lenyewe, ambao duka wala mnunuzi hawezi kuuona kwa nje.

Kama waweza, nunua tatu za namna moja. Moja ifungue mwezi huu, ya pili mwakani, ya tatu uiamue kwa ulichoonja katika hizo mbili. Hakuna mtaalamu atakayekuambia vizuri kuliko hizo chupa zenyewe.

Nyumbani mwangu sasa kabati ni la nguo tu. Nimechukua mtungi mkubwa wa udongo, nikauweka ndani ya beseni pana lenye mchanga, kwenye kona ya stoo iliyo upande wa mashariki, isiyopigwa na jua la mchana. Mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni, mdomo nimeufunika gunia bichi. Maji yakikauka huondoka na joto, ndiyo sababu mtungi wa bibi ulitoa maji baridi bila umeme. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, tofauti huisikia mkononi. Masika, hewa ikijaa unyevu, haufanyi kazi hiyo, lakini joto nalo limepungua. Sitegemei miaka 10 humo, nategemea miaka miwili, labda mitatu, kwa mvinyo uliochaguliwa vizuri. Dagaa, vitunguu na mafuta ya taa, kwa sababu ya harufu, nimevihamishia chumba kingine.

Je, wajua maana ya "joto la chumba" kwa mvinyo mwekundu? Ni chumba cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Kigoma, utie kwenye jokofu dakika 20 hadi 30 kwanza.

Na kifaa kinachosahaulika ni kalamu. Kila chupa inayoingia mtungini naibandika kipande cha karatasi: siku niliyoinunua, mahali, na siku ya kufunguliwa. Leo zimo tatu. Moja ni nyekundu ya Dodoma, "Krismasi hii, isipite." Moja ni Porto niliyoletewa na rafiki, "Mdogo wangu akimaliza chuo, 2027." Ya tatu ni Madeira, na kwenye karatasi yake nimeandika jina la mama tu.