Mkopo wenye Masharti

Juma lililopita mzee mmoja alinisimamisha kituo cha basi. Kiwanda cha nguo alichokitumikia kilikwisha kufungwa, na kiinua mgongo chake hajakiona. "Tunaambiwa serikali kushika uchumi ndiko kulikotuangusha," akasema. "Mbona Korea ya Kusini ilifanya hivyo hivyo ikatajirika?" Basi lake likaja kabla sijamjibu. Namjibu leo.

Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki mwezi Mei 1961. Mwaka huo huo aliwakamata matajiri wakubwa kwa tuhuma za kujilimbikizia mali, kisha akawaachia kwa ahadi ya kujenga viwanda. Benki nazo akazitia mikononi mwa serikali. Sisi Tanzania tulitaifisha benki zetu mwaka 1967. Hadi hapo hatukupishana sana.

Tulipishana kwenye kukopesha. Kule, mwenye kiwanda alipata mkopo wa riba nafuu kwa sharti la kuuza bidhaa nchi za nje, na kiasi cha kuuza alipangiwa. Kila mwezi Rais mwenyewe aliketi na mawaziri na wenye viwanda, hesabu zikasomwa mbele yake. Aliyeshindwa kuuza aliweza kunyimwa mkopo uliofuata. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100. Mwaka 1977, dola bilioni 10. Kwetu, mashirika mengi ya umma yaliendelea kukopeshwa huku yakipata hasara, na meneja aliyeharibu huku akahamishiwa kule. Wengine hata gari la ofisi walihama nalo!

Lakini nisimsifu Park kupita kiasi. Mzigo waliubeba wafanyakazi. Mwaka 1970, kijana Jeon Tae-il, fundi wa nguo mjini Seoul, alijichoma moto akafa, akidai sheria za kazi zifuatwe. Mwaka 1972 Park akajiwekea katiba ya kumwezesha kutawala bila kikomo. Oktoba 1979 akapigwa risasi na mkuu wake mwenyewe wa usalama.

Kwa hiyo mzee wangu, bunduki ya Park siitamani hata kidogo. Ninachokionea wivu ni kile kikao cha kila mwezi. Tukikutana tena kituoni uniambie: kiwanda chenu kilikopa kiasi gani, na hesabu zake alikuwa akisomewa nani?