Mazoezi Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene

Mutanga Sud ni mtaa wa miinuko. Atokaye huko kuelekea upande wa ziwa, mjini Bujumbura, hushuka bila taabu. Jasho humngoja wakati wa kurudi. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na mtu aliyepunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji, hasa askari aliyezoea mbio za Jumamosi asubuhi, asiyependa kuonekana mnyonge mbele ya wenzake.

Kovu la nje hupona upesi na kudanganya. Ndani, kidonda huhitaji wiki 4 hadi 6. Kwa muda huo asinyanyue kitu kizito, hata ndoo ya maji. Lakini kutembea huanza siku ya upasuaji au kesho yake, kwani mtu asipotembea damu huweza kuganda miguuni. Nyumbani azunguke uani dakika 5, mara kadhaa kwa siku, kisha aongeze kidogo kidogo katika njia tambarare. Mlima uje baadaye. Mbio zingoje ruhusa ya daktari.

Tumbo lililobaki halipokei bilauri nzima kwa mkupuo, basi anywe mafunda madogo tangu alfajiri. Mwili unaokonda haraka hupoteza nyama pamoja na mafuta. Kwa hiyo chakula kigumu kikisharuhusiwa, mayai na ndagala hutangulia, na mazoezi ya kuketi na kusimama hutia mapaja nguvu.

Akihisi kizunguzungu, apumzike. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikatika, aende hospitali mara moja, hata kama wenzake wanapita barabarani wakiimba.