Jinsi ya kuweka akiba ya chakula kabla ya kujifungua

WAHENGA walinena kuwa akiba haiozi. Hata hivyo, akiba ya chakula huoza upesi isipotunzwa, na madhara yake huwa makubwa zaidi katika majuma ya kwanza baada ya mama kujifungua.

Katika mji wa Turbo, ulio kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Webuye na Malaba, akina mama wengi hutegemea ukulima na biashara ndogo ndogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, na baba majuma mawili. Lakini mama anayelima shamba lake au kuuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo. Pumziko lake ni lile tu atakaloandaliwa na jamaa zake, nalo huanzia jikoni.

Mama aliyejifungua huwa amepoteza damu na nguvu. Anaponyonyesha, mwili wake huhitaji takriban kilokalori 500 zaidi kila siku kuliko kabla ya kushika mimba. Mtoto naye hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana. Mama wa namna hiyo hana nafasi ya kukaa jikoni kwa saa tatu akivumilia moshi wa kuni huku akingoja maharagwe yaive.

Muda huo si wa kutiliwa chumvi. Kaunti ya Uasin Gishu iko katika nyanda za juu, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100. Kwa sababu hiyo, nafaka kavu na jamii ya kunde huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Mombasa au Lamu. Hapa ndipo ilipo kanuni ya kwanza ya akiba ya mama mzazi: chakula cha kuandaliwa mapema ni kile kinachochelewa kuiva. Ugali na sukuma wiki hupikwa kwa dakika chache, kwa hivyo hakuna haja ya kuvihifadhi vikiwa vimeiva.

Jamii zinazoishi Turbo na vitongoji vyake zilijua jambo hili zamani, kabla ya umeme kufika. Wanandi, kama Wakalenjin wengine, huhifadhi maziwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho husuguliwa ndani kwa makaa ya mti kama vile senetwet. Maziwa hayo hugeuka kuwa mursik, na huweza kukaa kwa siku nyingi bila jokofu kwa kuwa uchachu wake huzuia viini vingi kukua. Miongoni mwa Agikuyu, njahi ni chakula cha heshima kwa mwanamke aliyejifungua. Uji wa wimbi nao hupendwa na jamii nyingi za eneo hilo, na unga wake huweza kutayarishwa mapema.

Kila mojawapo ya vyakula hivyo, hata hivyo, kina masharti yake. Maziwa ya mursik yanapaswa kuchemshwa na kupozwa kabla ya kutiwa kibuyuni. Maziwa mabichi huweza kueneza ugonjwa wa brusela, ambao humletea mja mzito hatari ya mimba kuharibika. Mursik yenye ukungu, au iliyobadilika harufu isivyo kawaida, inafaa kumwagwa.

Nafaka huhitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mahindi yanayowekwa ghalani yanapaswa kukaushwa hadi unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Yakihifadhiwa yakiwa na maji huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mnamo 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki katika eneo la mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuimalizi, na mama akiila hupita hadi katika maziwa anayomnyonyesha mtoto. Kwa hivyo kuchagua punje na kutupa zilizoota kuvu kabla ya kusaga ni sehemu ya kumlinda mtoto. Unga nao usagwe wa kutosha mwezi mmoja au miwili, kwa kuwa huharibika mapema kuliko punje, kisha uwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Mboga za kienyeji kama kunde na saga hupatikana kwa wingi wakati wa mvua na kuadimika wakati wa kiangazi. Familia inayotarajia mtoto mwezi wa Januari au Februari inaweza kuzikausha mapema. Majani huoshwa, hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, hukamuliwa, kisha hutandazwa kivulini penye upepo yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi. Jua kali hupunguza vitamini A. Yakishakauka kabisa hutiwa katika chombo kisichopitisha hewa, na siku ya kupikwa hulowekwa kwanza.

Kwa walio na friza, kazi huwa nyepesi. Njahi, maharagwe, githeri na supu ya mifupa huweza kupikwa kwa wingi, kupozwa na kugawanywa katika vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja. Vyombo visijazwe hadi juu, maana maji hutanuka yanapoganda. Kila kimoja kiandikwe tarehe, na chakula kiliwe katika muda wa miezi miwili au mitatu ili kisipoteze ladha. Viazi visitiwe, kwani hulainika na kutoa maji baada ya kugandishwa. Huongezwa siku ya kula.

Hatari kubwa hutokea kati ya meko na friza. Chakula kilichopikwa hakifai kuachwa nje kwa zaidi ya saa mbili, kwa sababu viini huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Desturi ya kuacha sufuria mekoni hadi asubuhi ni ya kuepukwa. Baadhi ya viini hutoa sumu isiyoondolewa hata chakula kikichemshwa upya. Njia rahisi ya kupoza ni kutumbukiza sufuria katika beseni la maji baridi huku chakula kikikorogwa.

Umeme nao hupotea. Friza iliyojaa ambayo haijafunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Jokofu la kawaida huhimili saa nne tu. Wakati wa giza, basi, mlango usifunguliwe ovyo. Chakula kilichoyeyuka na kupata joto kisirudishwe kugandishwa. Kila kinachotolewa kipashwe hadi kichemke kabisa, na kile kinachotosha mlo mmoja pekee ndicho kipashwe.

Matayarisho hayo yanafaa kukamilika mimba inapofikisha majuma 36, kwa kuwa mtoto aliyetimiza muda huweza kuzaliwa kuanzia juma la 37. Si kazi ya mja mzito peke yake. Kupasua kuni na kuzianika mahali pakavu, kubeba mitungi ya maji na kupeleka wimbi kwenye kinu ni majukumu ambayo baba na jamaa wengine wanaweza kuyabeba. Majirani wanaotaka kumzuru mzazi nao wanaweza kupangiana siku za kuleta chakula, badala ya wote kufika siku moja na sufuria zilizojaa, kisha juma linalofuata asionekane mtu.

Aidha, jamaa wanahitaji kukumbuka kwamba akiba yote hiyo ni ya mama. Mtoto hahitaji uji, mursik wala maji katika miezi sita ya kwanza. Maziwa ya mama yanamtosha, na ili yapatikane ni lazima mama ale, anywe maji ya kutosha na apumzike. Chai, inayopendwa sana katika eneo hilo, ni afadhali anywe baadaye kuliko pamoja na mlo, kwa sababu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutokana na chakula.

Familia isiyo na uwezo wa kufanya yote haya inaweza kuanza na debe moja la unga safi wa wimbi, maharagwe yaliyochaguliwa vizuri na rundo la kuni kavu. Hayo matatu, yakiwa tayari kabla ya uchungu kuanza, humwezesha mama kurudi kutoka hospitalini akaketi na kunyonyesha, badala ya kwenda moja kwa moja mekoni.