Ya kale dhahabu? Amplifaya kongwe za gitaa na zile zinazotengenezwa upya kwa mkono

Wazee wengi bado wanaikumbuka redio ya mbao ya zamani. Ukiiwasha haikusema papo hapo. Ulisubiri kidogo, vioo vilivyo ndani vikaanza kuwaka rangi ya chungwa kama makaa, ndipo sauti ikaja taratibu, nzito na ya kujaa. Vioo vile huitwa valvu. Ndivyo vilivyokuza sauti kabla transista haijashika nafasi yake.

Redio za valvu zimekwisha madukani. Lakini kipo chombo kimoja ambacho mpaka leo hutengenezwa kwa valvu, nacho ni amplifaya ya gitaa. Na kuhusu chombo hiki wanamuziki wana mabishano yasiyoisha: je, amplifaya iliyotengenezwa miaka ya 1950 au 1960 inashinda ile inayotengenezwa leo na fundi kwa mkono, kwa kufuata ramani ileile? Katika makala haya tunaeleza tofauti ilipo, na kwa nini mtu anaweza kupoteza fedha, hata uhai, asipoijua.

Kwa nini valvu bado zinapendwa

Gitaa la umeme peke yake halina sauti ya kusikika mbali. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, waya ule hutoa umeme mdogo sana. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo mpaka uweze kusukuma spika.

Transista inaweza kufanya kazi hiyo kwa bei ndogo na bila joto kali. Tofauti hujitokeza pale unapoisukuma mpaka mwisho wa nguvu zake. Transista ya kawaida hukata sauti ghafla, ikakwaruza masikio. Valvu huibana sauti polepole, ikaongeza unene kabla ya kuanza kukwaruza. Mpiga gitaa akigusa uzi kwa upole anapata sauti safi, akiupiga kwa nguvu anapata ukali. Anaiongoza kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu wengi hawakutaka kuziacha valvu.

Amplifaya ya besi iliyopendwa na wapiga gitaa

Tuchukue mfano mmoja. Leo Fender alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, nchini Marekani. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938, na baadaye akaanza kutengeneza magitaa na amplifaya. Mwaka 1952 alitoa amplifaya ya gitaa la besi iitwayo Bassman. Ile inayosifiwa zaidi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950: sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cha rangi ya manjano ya udongo, spika nne za inchi 10, valvu sita, na nguvu ya wati 40 hivi.

Ilitengenezwa kwa ajili ya besi, lakini wapiga gitaa ndio walioipenda zaidi. Fender aliacha kuitengeneza kwa umbo hilo mwaka 1960. Zilizobaki ni chache, na wakusanyaji huzitafuta kwa bei kubwa.

Nakala iliyogeuka kuwa asili

Sasa twende London. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki mtaa wa Hanwell, aliona wateja wake wanataka amplifaya za Marekani ambazo bei yake ilikuwa juu mno baada ya kuvushwa bahari. Yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua ramani ya Bassman wakaunda ya kwao. Wakaiita JTM45.

Ramani ilikuwa karibu ileile, lakini vifaa walitumia vya Uingereza: transfoma za huko, valvu walizozipata huko, na spika za Celestion. Sauti ikatoka nyingine, yenye ukali zaidi. Kutokana na amplifaya hiyo ukazaliwa mlio wa muziki wa roki wa Uingereza. Leo JTM45 za mwanzo nazo ni kongwe zinazotafutwa kwa fedha nyingi, na kuna mafundi wanaozinakili.

Hapa kuna funzo la kwanza. Amplifaya ambayo leo tunaiita asili ilianza kama nakala. Na mafundi wawili wanaweza kufuata ramani moja wakapata sauti mbili, kwa sababu ramani inaonyesha njia ya umeme tu. Transfoma, spika na hata mbao za sanduku nazo zina sauti zake.

Karakana ndogo zinaingia

Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake. Miaka iliyofuata wanamuziki wengi walilalamika kwamba amplifaya mpya za viwandani hazikuwa na sauti ya zile za kwanza. Zile za kwanza nazo zilikuwa zinazeeka, zinaharibika njiani, na bei zinapanda.

Mafundi wadogo wakaliona pengo hilo. Huko Los Angeles, mwaka 1989, kampuni ya Matchless ilianza kutengeneza amplifaya zilizochota mawazo yake kutoka Vox AC30 ya Uingereza, ambayo ilisifiwa kwa sauti yake iliyo wazi lakini ikajulikana pia kwa joto kali. Matchless walitaka sauti ya namna ile ndani ya chombo kigumu kinachostahimili safari za bendi. Katika jimbo la Illinois, fundi Mark Baier alianzisha kampuni ya Victoria miaka ya 1990, akazifuata kwa karibu sana amplifaya za Fender za miaka ya 1950, ikiwemo Bassman.

Wapo pia waliotoka kwenye ramani za zamani wakaenda njia yao. Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022, alitengeneza amplifaya mia chache tu maishani mwake, na baadhi zimeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Alifunika sehemu ya vifaa vya ndani kwa gundi ngumu ili mafundi wengine wasione alichofanya.

Kampuni ya Fender nayo ilirudi. Mwaka 1990 ilianza kuuza Bassman mpya iliyofanana kwa sura na ile ya mwaka 1959. Ndani yake, hata hivyo, vifaa vimepangwa kwenye kibao cha saketi kilichochapwa kiwandani, tofauti na ile ya kwanza ambayo waya zake zililehemewa kwa mkono. Kibao hicho hupunguza gharama. Amplifaya ya waya za mkono ni rahisi zaidi kwa fundi kuifungua, kuona kilichoharibika na kukibadilisha.

Kwa nini mbili za zamani hazifanani

Watu husema "sauti ya Bassman ya mwaka 1959" kana kwamba ni sauti moja. Ukweli ni kwamba hata siku zilipotoka kiwandani hazikulingana. Rezista za wakati ule zilikubaliwa zikiwa na tofauti ya asilimia 10 au 20 na kipimo kilichoandikwa juu yake.

Kisha umri ukaongeza yake. Rezista za kaboni hupanda kipimo kadiri miaka inavyopita. Kapasita kubwa zinazotuliza umeme hukauka ndani, amplifaya ikaanza kuvuma hata kabla hujapiga uzi. Karatasi ya spika hulainika. Valvu huchoka na kubadilishwa, na viwanda vingi vya Ulaya Magharibi na Marekani vilivyozitengeneza vimefungwa zamani. Leo nyingi zinatoka Urusi, Slovakia na China.

Kwa hiyo mtu anaposikiliza amplifaya ya miaka 65, anasikia kazi ya kiwanda, uzee wa vifaa, na mikono ya mafundi wote waliowahi kuifungua. Moja inaweza kuwa tamu kupita kiasi, ya pili yake ikawa imechoka. Amplifaya mpya ya karakana inakaribia vipimo vilivyoandikwa kwenye ramani kuliko ile kongwe yenyewe ilivyo leo. Ndiyo maana mtu aliyezoea kongwe huisikia mpya kuwa kavu kidogo, hasa kwa sababu spika zake bado hazijalainika.

Masikio nayo hudanganywa

Ukitaka kulinganisha kwa haki, jihadhari na mtego mmoja. Sikio la binadamu huona sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri. Amplifaya mbili zinazofanana kabisa, moja ukiipandisha kidogo tu, wasikilizaji wengi wataisifu hiyo. Mtego wa pili ni macho. Mtu akiona kitambaa kilichochakaa na jina kubwa, masikio yake huwa yamekwisha kuamua.

Njia ya haki ni hii: tumia gitaa moja, mpigaji mmoja, wimbo mmoja, spika zilezile ikiwezekana, na sauti iliyosawazishwa. Anayesikiliza ageuke asione ipi inapigwa. Mrudie mara kadhaa. Iwapo hawezi kutaja kila mara ipi ni ipi, basi tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Kumbuka pia muziki unaoupiga. Katika rumba, benga na muziki wetu wa dansi, gitaa la solo kwa kawaida hutakiwa kuwa safi na linalong'aa, kila noti isikike peke yake. Sifa nyingi za amplifaya kongwe zinahusu zinavyokwaruza zikisukumwa mpaka mwisho. Mpigaji ambaye hafiki huko atakuwa analipia kitu asichokitumia.

Kabla hujachomeka kwenye umeme

Vifaa vingi vya muziki huku kwetu huja vikiwa mtumba, au huletwa na ndugu aliye ng'ambo. Hapa ndipo jambo hili linapotugusa moja kwa moja.

Kwanza, umeme wa Marekani ni wa volti 120. Wa Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240. Amplifaya ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wako, itaungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya yote. Kama imeandikwa 110, 117 au 120, inahitaji transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Pili, amplifaya nyingi za Marekani za miaka ile zilitoka na plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhi. Kifaa kimoja cha ndani kikiharibika, bodi yake ya chuma inaweza kubeba umeme, na umeme huo ukafika mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Mpigaji aliyeshika gitaa hilo, kisha akagusa maikrofoni iliyounganishwa vizuri na ardhi, anaweza kurushwa au kuuawa. Fundi anayejua kazi yake huweka waya wa pini tatu kabla chombo hakijapigwa. Amplifaya mpya za karakana hutoka zikiwa nao.

Tatu, ndani ya amplifaya ya ukubwa huu kunaweza kuwa na umeme wa zaidi ya volti 400. Kapasita huweza kuutunza umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Usifungue mwenyewe kwa udadisi. Mpelekee fundi aliyewahi kushughulikia valvu, si yeyote anayejua kulehemu.

Nne, usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hicho ni miongoni mwa vifaa vyake vya bei kubwa.

Na kwa wanaotumia sola: valvu hula umeme hata kama hakuna anayepiga gitaa, kwa sababu lazima zibaki za moto. Inveta ndogo itaelemewa mapema.

Basi ipi ni bora?

Jibu linategemea unachonunua. Anayenunua amplifaya kongwe ananunua pia historia yake. Inaweza kumpa sauti ambayo hataipata kwingine, na kama imetunzwa na vifaa vyake vya asili, inaweza kushika thamani. Lakini anunue akijua kwamba atahitaji fundi, na kwamba jina peke yake halimhakikishii sauti.

Anayenunua ya karakana ananunua kazi ya mikono ya leo: vifaa vipya, waya wa ardhi, na fundi aliye hai wa kuulizwa. Haina historia, lakini inaweza kupanda jukwaani kila Jumamosi bila mwenyewe kuwa na wasiwasi. Bei yake nayo si ndogo, maana fundi mmoja huchukua siku nyingi kwa chombo kimoja.

Kwa kikundi cha dansi au kwaya inayoanza, ushauri wetu ni huu: amplifaya ya kawaida ya transista, iliyo salama na yenye spika nzuri, itakufikisha mbali kuliko kongwe mbovu yenye jina kubwa. Fedha zinazobaki zitanunua nyuzi mpya na kumlipa fundi.

Na mtu akija kukuuzia ya zamani akisema ya kale dhahabu, usikatae wala usikubali haraka. Mwambie akuonyeshe waya wa umeme na kibandiko cha volti. Vikiwa sawa, mwombe aiwashe na mngoje valvu zipate moto. Kisha geuka usiitazame, mwambie apige wimbo unaoujua.